Kibao cha Orvik

Kila akirudi kutoka zamu hospitalini kule Minneapolis, Generosa alisimamisha Corolla yake kando ya kibao cha Orvik, akashuka na kile kifaa cha kukwangulia barafu ya kioo, akakikwangua kibao mpaka tarakimu zionekane. Watu kumi na wawili. Jana kumi na wawili, leo kumi na wawili. Akasonya, akarudi garini.

Orvik ni kimji cha kando ya Mississippi, chini ya Saint Paul, na kibao chake cha idadi ya watu hakiandikwi na mtu. Mkazi mmoja, Maurice, alipohamia mji wa Blaine kwa binti yake, kilipungua mmoja kabla lori la mizigo halijavuka daraja. Mwingine, Zachariah, alipokufa, Oktoba ile ya 2006, kilipungua mchungaji akiwa bado anatafuta pa kuegesha. Haya, sawa. Lakini Generosa, mumewe Protas na binti yao Doris walipohama Columbia Heights wakanunua nyumba palepale Orvik, kibao hakikutikisika. Watu watatu, tena wazima, wenye mafua na ufunguo wa nyumba!

Isingekuwa neno, ila basi la shule lilifuata kibao. Asiyehesabiwa hakufuatwa. Kwa hiyo kila asubuhi Generosa alimpeleka Doris shule mwenyewe, akachelewa kazini, na msimamizi alishamwambia waziwazi: ukichelewa tena, zamu ya asubuhi nampa mwingine, wewe unahamia usiku.

Zachariah alikuja Jumanne, giza likianza kuingia. Walikuwa mezani, wanakula ndizi na maharage. Alivaa suti aliyozikwa nayo, na viatu vyake vilikuwa na tope la mto. Generosa aliviangalia kwanza vile viatu, maana ndiyo kwanza alikuwa amepiga deki, kisha akasema alivyofundishwa tangu utoto, kwao Muleba:

"Karibu, tunakula."

Jamani, kwao anayekukuta unakula lazima umkaribishe, na aliyelelewa anajibu, "Asante, nimeshiba." Mambo yanaishia hapo, kila mtu na heshima yake. Watu wa hapa Minnesota nao hukataa, tena mara mbili tatu, mpaka uwabembeleze. Lakini marehemu hana muda wa kuzungushana. Zachariah alivuta kiti, akala, akaomba chumvi.

Protas alimsogezea chumvi. "Angalau angevua viatu," alisema kwa Kiswahili.

Kesho yake Zachariah alikuja na mkewe, aliyemtangulia kaburini. Wakafuata waliochukuliwa na mafuriko ya zamani, wameloa chapachapa, na kapeti ndiyo kwanza limenunuliwa. Wengine wakaacha kabisa kuondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Generosa alimpa Zachariah beleshi la theluji. Zachariah alilitazama, akamrudishia, akauliza kama ndizi zimebaki.

"Usiwakaribishe," Protas alisema.

"Nisemeje? Watu wako mlangoni, chakula kiko mezani, ninyamaze kama sikulelewa?"

Protas akainuka kuongeza sahani. Jana yake, Generosa akiwa kazini, yeye mwenyewe alikaribisha watano.

Kibao kikaanza kupanda. Kikapita ishirini, kikapita arobaini. Meya wa Orvik, Bi Margaret, ambaye pia alipiga kinanda kanisani, alikwenda kukipiga picha. Kaunti ilikuwa imeshapanga kuufuta mji kwenye ramani. Sasa ikatuma pongezi na kuahidi basi jipya. Generosa aliposikia neno basi, alimshika Doris mkono, akaenda kugonga kwa meya.

"Zachariah mmemhesabu," alisema.

"Si mimi, ni kibao," alijibu Margaret. "Zachariah ni mtu wa hapa."

"Amekufa, Margaret."

"Ndiyo. Lakini amefia hapa."

"Na mimi ninayempikia?"

Margaret alimshika bega, machozi yakamlengalenga. "Mpenzi wangu, bila nyinyi sijui tungefanyaje." Akamkatia Doris kipande kikubwa cha keki ya tufaha. Keki ilikuwa tamu, na hilo lilimkera Generosa kuliko yote.

Basi lilifika Jumatatu asubuhi, la njano, linang'aa. Lilisimama mbele ya nyumba ya Generosa, maana ndiko walikokuwa watu wa Orvik. Marehemu walitoka jikoni wakapanga foleni kistaarabu kabisa, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie. Doris alisimama nyuma yao na begi lake mgongoni. Ilipofika zamu yake, dereva, Mkenya aitwaye Solomon, aliweka mkono mlangoni.

"Pole, madam," alimwambia Generosa. "Viti ni vya wenye wako kwa kibao, na zimejaa."

"Kwani hawa wanakwenda shule?"

"Sijui wanaenda wapi. Mimi nina-drive tu."

Zachariah aliwapungia mkono dirishani, na Doris akampungia. Kisha mtoto akauliza, kwa Kiingereza kama anavyosema kila kitu, kama na yeye akifa hapa Orvik atapata kiti.

"Usiseme hivyo! Usirudie tena kusema hivyo!" Generosa alimfunga mkanda wa gari, kwa haraka mpaka ufunguo ukamponyoka kwenye theluji. Aliutafuta akiwa amepiga magoti, analia kwa hasira. Walichelewa.

Siku hizi Generosa anafanya zamu ya usiku. Kabla ya kutoka anapika sufuria mbili, anawakaribisha marehemu, nao wanakaribia. Kibao hakikwangui tena. Theluji ikitaka kukifunika, ikifunike. Protas ameleta viti vya kukunja kutoka kanisani, lakini bado havitoshi. Doris hula amesimama, pale karibu na jiko, na akimaliza huwapitishia wakubwa chumvi.