Karani Aliyekwenda Kununua Sukari

Studio yetu ni kabati langu la makoti. Cheka ukipenda. Hapa mtaani Crescent Town, Kanada, kuta za ghorofa ni nyembamba, jirani wa juu ana watoto wanaokimbia kutwa na wa chini anajifunza tarumbeta, lakini ukiingia kabatini na kufunga mlango, makoti yangu na ya marafiki marehemu niliyorithishwa yanameza kelele zote. Humo ndimo mimi na Rosario, Wagoa wawili wazee tuliozaliwa Tanganyika, tulimorekodi podikasti yetu ya vitabu vya Kanada kwa Kiswahili. Watoto wetu Kiswahili wanakielewa, ila wanajibu kwa Kiingereza. Tukaona heri tuzungumze na wanaojibu.

Kanuni zetu zilikuwa mbili. Kwanza, kitabu anasoma mmoja tu. Mwenzake haruhusiwi hata kufunua jalada. Kazi yake ni kuuliza maswali ya mjinga, na kwa hilo sikuhitaji mafunzo. Pili, mwisho wa kitabu hatuusemi. Msikilizaji aliyekisoma anatutumia sauti yake kwa simu, anaeleza kiliishaje, nasi tunairusha kipindi kinachofuata.

Mwaka 2016, majani yalipoanza kupukutika, zamu ya kusoma ilikuwa ya Rosario. Alichagua riwaya nene ya huko kwenye nyanda za ngano. Akasimulia habari za karani wa reli katika mji mdogo, aliyeishi na mwanamke aitwaye Flora bila ndoa, wakapata binti. Jioni Flora alikuwa akikaanga mihogo.

"Mihogo kwenye theluji imetoka wapi?" nikauliza.

"Wewe kazi yako kuuliza, siyo kubisha," akanijibu, akaendelea.

Karani akapata uhamisho. Kwao walikuwa wameshamchumbia msichana wa damu yao. Asubuhi ya safari binti akamuuliza anakwenda wapi. Akamwambia, "Nakwenda kununua sukari. Keti barazani uningoje." Kisha akapanda treni.

"Akarudi?" Nilikuwa nimeshaanza kulia, bila hata haya.

"Hilo watatuambia waliosoma," Rosario akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. Nikadhani ni vumbi la makoti.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Fatehali wa Thornhill, mfamasia mstaafu asiyekosa kutoa kasoro hata kwenye maji ya kunywa. "Bi Alzira, nimesoma kile kitabu chote, cover to cover. Hamna karani mle. Hamna sukari. Ni mjane na shamba lake la ngano, basi. Mnatufanya sisi watoto?"

Nilimjibu maneno ambayo padri wangu hajayasikia mpaka leo. Kisha nikaenda maktaba, nikavunja kanuni, nikakisoma. Fatehali alisema kweli, jambo ambalo liliniuma mara mbili.

Jumamosi Rosario alipokuja, alikikuta kitabu mezani, kando ya chai yake. "Nionyeshe karani yuko ukurasa gani."

Alikisukuma kitabu kando. "Nilisoma mwanzo tu, Alzira-bai. Kuna mahali mume wa yule mjane anatoka kwenda dukani na harudi, amekufa njiani. Nikashindwa kuendelea. Tulipoingia kabatini sikuwa na kitu cha kusimulia ila hicho."

"Hicho kipi?"

"Tabora. Nyumba za reli. Mama wa mtoto aliitwa Salome."

Basi karani alikuwa yeye, na msichana aliyechumbiwa alikuwa Matilda, marehemu mkewe. Matilda wangu, niliyemfumba macho mwenyewe hospitalini, aliyekuwa akijisifu kwamba mumewe hana siri hata ya kunong'ona! Rafiki yangu aliishi miaka yote ile juu ya mgongo wa mtoto aliyeachwa barazani, na hakujua.

"Afadhali amekufa," nikasema. Nilitaka yamchome, na yalimchoma.

Nikamwambia ninakifuta kipindi. Akanishika mkono. "Kiache. Tabora nako watu wana simu. Huenda akasikia. Akinijibu nitakwenda kumwomba radhi, hata kwa mkongojo. Sitaki kufa kabla."

Nilikiacha. Sikufanya kwa ajili yake, nilifanya kwa ajili ya yule mtoto. Fatehali akaieneza habari Thornhill nzima kwamba tunasimulia vitabu vya kichwani, na wasikilizaji wakapungua mmoja mmoja. Rosario hakujali. Kila alipokuja, kabla hajavua mabuti yenye theluji, swali lake lilikuwa moja: "Kuna sauti?" Hapakuwa na sauti. Krismasi ikapita, baridi ikakaza, na yeye akazidi kukonda.

Sauti ilikuja wakati wa Kwaresima. Niliisikiliza peke yangu jikoni, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Mzee wa watu, ya nini kummaliza? Lakini yule mwanamke alishadanganywa mara moja barazani. Mimi nani hata nimzibe mdomo? Nikampigia Rosario.

Alikuja amevaa tai. Akataka tuingie kabatini na mashine iwashwe, kama kanuni inavyosema. Nikaifungulia sauti.

"Hamjambo. Nazungumza kutoka Tabora. Kitabu chenu sijakisoma, ila mwisho wake naujua. Mnauliza kama karani alirudi. Hakurudi. Mtoto alikaa barazani mpaka mama yake akaja kumbeba. Kesho yake akakaa tena. Baadaye Mama aliolewa na mtu mwema, ndiye niliyemwita baba, na wote wawili wamezikwa pale misheni. Mtoto sasa ana wajukuu. Sukari ananunua mwenyewe. Huyo mzee anayesimulia asije, wala asinitafute. Asanteni kwa kipindi."

Rosario akaomba niirudie. Nikairudia.

"Ana sauti ya mama yake," akasema.

Akakisogelea kipaza sauti na kuvunja kanuni yetu ya pili. "Wasikilizaji, mwisho wa kitabu ndio huo. Karani hakurudi." Nikazima mashine.

Tukabaki tumeketi gizani. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilimwonea huruma. Akapapasa, akavuta mkono wa koti lililokuwa karibu naye, akajifutia macho, akaendelea kuufumbata.

Lilikuwa koti la Matilda, ambalo Rosario mwenyewe alinipa baada ya mazishi. Sikumwambia.