Pampu ya Joto na Sharti la Baba Mkwe

Daktari alisema neno moja tu, "moshi," nami nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Binti yangu Mireille alikuwa na miezi saba, na kila lilipowashwa tanuri la kuni la chini ya nyumba alikohoa mpaka akaiva uso kama nyanya. Tanuri lile lilikuwa halina budi kutoka.

Tatizo lilikuwa mwenye tanuri. Baba mkwe wangu, Alphée, tuliyekuwa tukiishi naye, alilinunua mwaka aliooa.

"Tanuri hili ndilo lililomlea Rhéal," alisema, akimwonyesha mume wangu kama ushahidi mahakamani. "Mtazame. Ana kasoro gani?"

"Nianze na ipi, Baba?"

Rhéal akajifanya anatafuta chumvi.

Mimi nilitaka pampu ya joto, lile sanduku linalokaa nje, likivuta joto lililojificha kwenye hewa ya baridi na kulileta ndani. Pembeni yake nilitaka tanuri dogo la gesi, la kusaidia siku ambazo baridi inazidi nguvu za pampu. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye daftari langu la masomo ya jioni, kwa kalamu ya rangi mbili.

"Kuvuta joto kutoka kwenye baridi," Baba alisema, akikata mkate. "Ukimaliza hapo, Profesa, nenda kamkamue dume."

Wauzaji wakaanza kuja. Wa kwanza alivaa viatu vya ngozi katika matope ya Oktoba, akasema mashine yake haiharibiki kamwe.

"Na ikiharibika, nani atakuja?" nikamuuliza.

"Haiharibiki, mama."

"Basi dhamana ya miaka kumi ni ya nini?"

Akamaliza kahawa yake haraka. Wa pili alitaka kutuuzia mashine ya kutosha kanisa zima pamoja na nyumba ya padri. Wa tatu alikuwa Normande, fundi wa kike mwenye mabega mapana, ambaye hakukaa hata kidogo. Alipima madirisha, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, kisha akauliza theluji hufika wapi ukutani mwezi wa pili.

"Hapa," Baba akasema, akigusa kifua chake kwa fahari, kana kwamba theluji ni yake.

"Basi nitaiweka juu ya miguu ya chuma. Pampu hii inafanya kazi mpaka nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, gesi inashika zamu. Halafu mimi naishi dakika kumi na mbili kutoka hapa. Nisipopokea simu, mpigieni mama yangu, atanileta mwenyewe."

Hilo la mama nililipigia mstari mara mbili. Pampu ikawa ya Normande.

Baba alikubali kwa sharti. Tanuri la kuni lingebaki mahali pake, na bomba lake la moshi, mpaka Krismasi. "Mashine yako ikishindwa hata siku moja kabla ya hapo, kuni zinarudi na sisikii tena habari ya pampu. Tumeelewana?"

Nilimtazama Mireille akitafuna kijiko cha mbao. "Tumeelewana, Baba."

Novemba yote nyumba ilikuwa na joto zuri, na mtoto hakukohoa. Nikaanza kujisikia nina akili.

Halafu ikaja Jumatatu moja ya Desemba, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, baridi ambayo pampu ilipaswa kuipita kwa urahisi. Tulipoamka, tanuri la gesi lilikuwa linaunguruma peke yake. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limechoka: lilinunuliwa kusaidia, si kuibeba nyumba kubwa ya mbao yenye nyufa. Kipimo cha ukutani kikasoma kumi na tano. Nikamvalisha Mireille koti na kofia sebuleni, nikampigia Normande.

Baba alikuwa tayari anashusha kuni. "Sikucheki," alisema, huku anacheka. "Jitu zima la chuma limekufa kabla ya Krismasi."

"Nipe nusu saa tu, Baba."

"Nakupa. Mimi napanga tu. Na karatasi kidogo, za kuwashia."

Normande alifika kwa dakika kumi na moja. Akasimama uani, akageuka huku na huku.

"Mashine iko wapi?"

Nikatoka nimevaa viatu vya Rhéal. Sijui nisemeje. Kwetu, baridi ikiingia, kila mtu hufunika vitu vyake vya nje kwa magunia na kamba, na hakuna anayemshinda baba mkwe wangu. Uani kulikuwa na vifurushi vinane vimesimama kama abiria wenye mizigo, na kwa kuwa kila ua huwa hivyo, hakuna aliyekuwa amevihesabu.

Normande akafungua cha kwanza: kichaka cha waridi. Akafungua cha pili: sanamu ya Bikira Maria, mikono wazi. "Samahani, Mama," akasema, akamfunika tena. Cha tatu, kilichofungwa vizuri kuliko vyote, gunia mara mbili na turubai juu, kilikuwa pampu yangu.

"Nani ameiziba pumzi?"

Baba alikuwa mlangoni na kiberiti mkononi. Masikio yake yakawa mekundu.

"Jana nilipita," alisema polepole. "Nikaiona inatetemeka. Nikasema, maskini, iko nje peke yake na baridi hii."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ndipo tukasikia kikohozi kutoka ndani. Karatasi alizoziwasha Baba kabla ya kuja mlangoni zilikuwa zimeshika moto, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda ngazi. Mireille akakohoa tena, mara nne, hakuweza kuvuta pumzi, akaanza kulia; nikakimbilia ndani, nikambeba.

Baba alishuka mbio kuliko nilivyowahi kumwona, akaumwaga mchanga wote wa ndoo juu ya moto. Aliporudi alimtazama mjukuu wake begani kwangu, akamfuta machozi kwa kidole.

"Rhéal!" akaita. "Leta spana. Tunalitoa."

"Krismasi bado, Baba," nikasema.

"Leta spana, nimesema."

Tanuri lilikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, Normande akilisukuma kwa bega, Rhéal akilivuta huku anamwomba Mungu. Pampu, gunia likiwa limetolewa, ilikuwa imeanza kuzunguka, na hewa ya joto ilikuwa inatoka kwenye matundu ya sakafuni, ikinigusa vifundo vya miguu.

"Harakisheni nyie!" Baba akafoka, akiwa amembeba Mireille. "Mlango uko wazi, na mashine inahangaika kule!"