Uzito wa Mbele

Asubuhi moja, katika garaji yake ya Kilibula, fundi Sévère alifungua kifuniko cha mbele cha gari la mbio la Patron Félicien ili aendelee kukwangua kutu. Gari hilo la viti viwili Félicien alilirithi kwa baba yake, tajiri wa enzi za Zaire. Injini ilikaa nyuma ya viti; mbele palikuwa na nafasi ya mizigo tu. Humo Sévère alimkuta kaka yake Pontien, amejikunja, mikono imefungwa kamba.

Pontien alitoweka miaka mingi iliyopita, wiki ile alipoongoza mgomo wa wapakuzi wa tajiri huyo bandarini Kalundu. Hakuwa amezeeka.

“Mudogo wangu,” alisema, “chunga miguu yangu na huo musasa.”

Akaomba apelekwe kwake Songo, azikwe. Sévère alijaribu kumwinua, asiweze, na wote wawili walijua sababu: maiti iliyofichwa hutolewa na mkono ulioificha, au mkono wa mrithi wake. Basi Sévère akaendelea kupiga msasa, akiikwepa miguu.

Jioni alikuja Domitille, mke wa Pontien, na ugali wa muhogo na samaki wadogo wa ndagala. Miaka yote hiyo alikuwa akilala chini kama mfiwa, kwa kuwa kilio kisicho na kaburi hakifungwi. Alimkaripia mumewe kwa kukonda, kisha akamlisha.

Félicien alipofika kulijaribu gari, alichungulia, akaitazama kamba.

“Hiki kifundo ni cha papa,” alisema, akiutambua mkono wa baba yake.

Domitille, aliyekuwa bado hapo, alipiga magoti. “Patron, umutoe tu. Hatuombi kingine.”

Félicien alimwomba ainuke, akamwahidi jibu baada ya safari. Akafunga kifuniko, akamchukua Sévère hadi Kamanyola na kurudi. Zamani, kabla ya mgomo ule, gari hilo, kwa wepesi wake wa mbele, liliyumba kila lilipoongezwa mwendo. Safari hii halikuyumba hata kidogo.

“Unaona, fundi? Papa alijua kazi yake. Weye umuache humo, ukaze springi kufuatana na uzito wake.”

Kiwanja cha garaji nacho kilikuwa cha Félicien. Sévère alimweleza Domitille jibu, naye akaokota sahani yake, akaondoka. Pontien aliuliza kama mvua imeanza huko nje. Sévère alimjibu kwamba bado, akachukua spana, akazikaza springi vizuri, kama alivyofanya kazi zake zote.

Siku hizi, katika kona za barabara ya Kamanyola, vijana husimama kulitazama gari likipita, na kulisifu jinsi linavyoshika lami.