Bahasha Iliyogandishwa

Niliikuta kwenye friza, chini ya samaki ambao mjomba alivua ziwani. Ilikuwa imegandamana na mfuko wao, na juu yake kulikuwa na muhuri wa mahakama ya kaunti.

"Irudishe," mama alisema bila kugeuka kutoka kwenye sinki. "Sijasaini na sitasaini. Bila saini yangu baba yako hana kesi."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na mazoea ya kubishana. Lakini jina la Junie, mdogo wangu wa miaka sita, lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na baba, aliyekuwa ameshahamia mbali Arizona, alikuwa akiomba akaishi naye huko.

Kesho yake nilikanyaga theluji hadi maktaba ya sheria, kwenye orofa ya chini ya jengo la mahakama. Nilizunguka rafu mara tatu kabla mkutubi, Bi. Okerlund, hajaniita.

"Njoo binti, siumi. Mbona bahasha inanuka samaki?"

"Ilikuwa kwenye friza."

"Afadhali yako. Juzi nililetewa iliyotafunwa na mbwa."

Hakuniambia la kufanya. Hiyo, alisema, ni kazi ya wakili. Alinieleza maneno tu, akiandika kwa penseli pembeni mwa karatasi zile. Mwombaji ni baba. Mjibu maombi ni mama, wala si mshtakiwa. Ulezi wa kisheria: nani anaamua shule na daktari. Ulezi wa kimwili: mtoto anaishi kwa nani. Kisha penseli ikasimama.

"Hukumu ya upande mmoja. Asipojibu ndani ya siku thelathini, jaji anaweza kumpa mwenzake alichoomba."

"Hata kama hajasaini?"

"Hata kama hajasaini, mwanangu. Alipokea lini?"

Nilihesabu kwa vidole tangu tarehe iliyoandikwa kwenye bahasha. Zilibaki siku mbili.

Jioni mama alisoma maandishi yale amesimama, koti la kazini bado mwilini. Akayasoma tena, akaketi.

"Mimi nilidhani wananishtaki," alisema. "Nipe kalamu niwajibu."

Junie alibaki nasi. Kwa baba huenda kila kiangazi.

Siku ile maktabani aibu ilinifunga mdomo, nikaondoka bila hata asante. Nilipohitimu chuo nilirudi maktaba na mfuko wa samaki waliokaushwa kwa moshi. Bi. Okerlund, nywele zimeshakuwa nyeupe, aliunusa mfuko kabla ya kunitazama.

"Wewe wa friza," alisema. "Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Yuko hapo mlangoni, anakung'uta theluji viatuni."