Profesa wa Tatu

Mkono wa Profesa Longange ulianza kuteleza ubaoni, chaki ikichora mstari wa kwenda chini, na moyo ukanipasuka. Mungu wangu, na huyu pia?

Tulikuwa Mbandaka, katikati ya wiki. Maprofesa wa Kinshasa ndivyo wanavyoishi: mshahara haufiki popote, basi wanapanda ndege hadi chuo cha mkoani, wanafundisha somo la muhula mzima kwa wiki moja, asubuhi mpaka giza, kisha wanarukia chuo kingine. Longange alikuwa na vyuo vitano. Mimi, msaidizi wake, nilibeba begi na kusahihisha mitihani, na serikali ilikuwa haijaanza kunilipa hata senti. Nilichongoja kwake ni sahihi tu, nikatetee tasnifu yangu ya udaktari.

Wasimamizi wangu wawili wa kwanza walikufa kabla ya kusaini, mmoja kwa moyo, mwingine kwa ajali ya boti. Tangu hapo wenzangu idarani waliniita Mjane.

"Mjane, huyu wa tatu utamla lini?" walinitania, wakicheka.

Wakicheka, ndiyo, lakini hakuna profesa aliyetaka kunipokea. Longange peke yake ndiye aliyesema uchawi ni ujinga wa watu waliosoma nusu. Akifa huyu, sina tena pa kwenda.

"Prof, pumzika kidogo," nilimnong'oneza. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande.

"Kaa chini, Bompongo. Nisipomaliza saa zangu hawanilipi." Maneno yalitoka kama ana tonge mdomoni.

Huko nyuma wanafunzi wakaangua kicheko. "Papa Prof leo amepiga chupa mbili tatu!"

"Twende hospitali, mzee wangu. Nakuomba."

"Ukinitoa humu, tafuta mwingine wa kukusomea hiyo tasnifu yako!"

Niliogopa akifa, na niliogopa akipona na hasira zake. Chaki ikaanguka, naye akainama kuiokota kwa mkono usiomtii. Hapo sikungoja tena. Nilimshika kiunoni, nikamtoa akinitukana mbele ya darasa zima, nikampakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva.

"Kiharusi," daktari aliniambia baadaye. "Umemuwahi, kaka. Angefundisha mpaka jioni, sasa hivi ungekuwa unatafuta jeneza."

Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia kama mtoto, kwa furaha. Angalau mmoja nilikuwa nimemwokoa.

Asubuhi nilimpelekea supu ya samaki. Alikuwa macho. Aliponiona tu, uso wake ukabadilika, akavuta shuka mpaka kidevuni kwa mkono ule mzima.

"Nani kapika?"

"Mimi, Prof. Haina pilipili, daktari amekataza."

"Iweke kule. Mbali. Mwite muuguzi."

"Unaumwa wapi?"

"Mwite, nimesema! Sitaki kubaki na wewe peke yangu humu ndani."

Nilidhani ugonjwa ndio unaosema. Lakini macho yake yalikuwa safi kabisa, na ndani yake kulikuwa na hofu tupu, hofu ya mimi. Nilirudi nyuma kuelekea mlangoni, supu ikanimwagikia viatuni.

Mkuu wa kitivo alinikuta mlangoni. "Bompongo, wanafunzi wanakungoja. Malizia wewe hilo somo. Malipo usijali, tutampa profesa mwenyewe."

Nilikwenda. Kelele za darasa nilizisikia tangu uani, na nilipoingia zikakatika. Habari za Mjane zilikuwa zimeshafika. Nikawasalimu, nikachukua chaki, nikageukia ubao. Nyuma yangu nikasikia miguu ya madawati ikiburuzwa sakafuni, na nilipogeuka, safu nzima ya mbele ilikuwa imesogea nyuma.