Kutafuta Waifai Kabla ya Saa Nne

Usiku wa jana niliota bando langu limefariki. Halikuisha, lilifariki. Ujumbe ulioingia kwenye simu ulianza na "Ndugu mteja, kwa masikitiko," na papo hapo nikasikia kwaya ya msiba ikiimba upande wa stendi.

Lingefariki siku nyingine nisingejali. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Mwanza, nina muhuri na nina kiti cha plastiki chenye mikono, si mtu wa kubabaishwa na simu. Lakini sekunde moja kabla ya kukata roho, bando lile lilikuwa limesafirisha ujumbe wangu wa sauti, na limeupeleka siko. Nilikuwa namtumia mke wangu, Perpetua. Ukaenda kwenye kundi la ukoo, lenye watu sitini na watatu.

Mmoja wa hao sitini na watatu ni Shangazi Nkwimba, na ujumbe ulikuwa unamhusu yeye. Nilisema hivi, kwa sauti yangu ya mkutano wa hadhara: "Mke wangu, huyu mama akija atakaa miezi miwili, atapanga upya jiko lako, na kila mgeni atamsimulia nilivyokuwa nakojoa kitandani mpaka darasa la tano. Mwambie asije. Mwambie tumehamia Geita."

Shangazi Nkwimba ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne. Hilo sikulisema. Ujumbe ulikuwa wa sekunde kumi na tisa tu, nafasi haikutosha.

Nikatazama saa. Saa tatu kasorobo asubuhi. Kijijini kwa Shangazi, huko Meatu, ndani ya nyumba mtandao haushiki. Kila siku saa nne kamili hupanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, akasimama juu na simu yake, akasikiliza mambo yote ya ukoo, halafu akateremka kupika. Kwa hiyo nilikuwa na saa moja na robo. Nipate mtandao, niuguse ule ujumbe, nichague "futa kwa wote", yaishe.

Nikakimbilia kwa wakala wa vocha. Kibanda kimefungwa, pamebandikwa karatasi: TUMEKWENDA KUZIKA. Kibanda cha pili, karatasi ileile. Mawakala wote wa mji wako makaburini na miavuli yao, wanalizika bando langu, na mimi mfiwa sikuambiwa.

Ikabaki njia moja, ile ya watu wasio na haya: waifai ya bure.

Mgahawa wa kwanza uko karibu na mzunguko wenye sanamu ya samaki. Mlangoni wameandika WAIFAI BURE KWA WATEJA. Nikaagiza kahawa. Kikombe kikaja chenyewe kwa miguu, kikapanda mezani, kikakohoa.

"Wewe ni mteja?" kikaniuliza.

"Ndiyo. Naomba nywila."

"Mteja ni mtu mwenye kahawa. Kahawa ikiisha, si mteja. Nakushauri kama ndugu, usininywe."

"Basi sikunywi. Nipe nywila."

"Nywila imeandikwa ndani yangu, chini kabisa. Ili uisome lazima uninywe wote."

Nikakitazama. Nacho kikanitazama, kikisubiri nielewe.

"Na watu wengine hufanyaje?" nikauliza.

"Huyo pale kwenye kona amebakiza funda moja tangu mwaka juzi," kikasema. "Anaandika tasnifu. Mkewe huja kumsalimia Jumapili."

Kweli, kwenye kona alikaa bwana mmoja mwenye kompyuta, ndevu zake zimefika kwenye vitufe. Alininyooshea kidole gumba. Mimi sina ndevu za kusubiri mpaka zifike huko, na zaidi ya hapo nilikuwa na dakika hamsini tu. Nikakinywa kikombe kizima kwa mkupuo mmoja, nikaungua ulimi, nikasoma chini: KARIBU1234.

"Kwaheri," kikombe kikasema. "Si mteja tena."

Kiti kikainama kwa adabu na kunimimina nje.

Nje hapakuwa tena mjini kati. Palikuwa Kirumba, mbele ya baa yenye viti vyekundu, na mimi sikuona ajabu. Kwenye benchi la mlangoni niliwakuta ndugu wawili, mfupi na mfupi zaidi, na pembeni yao nafasi mbili tupu. Niliwatambua mara moja. Hawa ni vijiti vya mtandao, wale wanaokaa juu ya kioo cha simu kwa kufuatana kimo.

"Wakubwa wenu wako wapi?" nikauliza.

"Hawapatikani kwa sasa," akajibu yule mfupi zaidi, kwa sauti ya yule dada ambaye nchi nzima inamjua. "Tafadhali jaribu tena baadaye."

"Na ninyi wawili mnaweza nini?"

"Salamu za Krismasi. Zisizo na picha."

Dada wa kaunta akatoka na kitambaa begani. Anaitwa Yulitha, jina limeandikwa kwenye aproni yake kwa uzi wa kijani. Akanitazama kuanzia viatu.

"Mwenyekiti! Baa asubuhi yote hii?"

"Nimekuja kwa ajili ya waifai tu."

"Wote husema hivyo." Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Una haraka gani hivyo, jasho mpaka kwenye masikio?"

Sikupenda kumwambia, lakini kwenye ndoto mdomo wangu hauna mlango. "Kuna maneno nataka kuyafuta kabla shangazi yangu hajayasikia."

"Ni ya uongo?"

"Uongo ni Geita peke yake. Mengine yote ni kweli."

"Mh. Basi pole," akasema Yulitha. "Uongo ungeuombea radhi ukaisha. Ya kweli utayafanyaje?" Akanionyesha mlimani kwa kidevu. "Nenda hoteli ile kubwa. Waifai yao haina nywila kabisa. Ina masharti tu."

Nikashukuru, nikapanda ngazi. Ngazi za hoteli zilikuwa mia mbili, na kila moja iliniuliza kama nina mzigo. Nilipofika juu, sebule ya hoteli ilikuwa darasa langu la tano, na madawati yake, na ubao wake wenye ufa. Saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika kumi.

Kwenye meza ya mwalimu wamekaa mzee na bibi, wamevaa sare za hoteli.

"Mimi naitwa Masharti," akasema bibi. "Na huyu ni mume wangu, Vigezo. Tuna miaka sitini kwenye ndoa."

Maisha yangu yote nimewasikia redioni wakitajwa pamoja, sikujua kama wameoana. Nikawaamkia. Bwana Vigezo akaitikia kwa haraka isiyo ya kawaida, kama wanavyosoma mwisho wa tangazo, nikaambulia neno moja tu, "kuzingatiwa".

Bi Masharti akanisogezea karatasi yenye kisanduku kimoja. Pembeni ya kisanduku: NIMESOMA NA NIMEKUBALI. Nikapiga alama ya vema bila kukaa chini, maana ndivyo tunavyofanya.

"Umesoma?" akauliza.

"Nimesoma."

"Ibara ya kumi na nne inasemaje?"

"Inasema... mambo ya kawaida."

"Ibara ya kumi na nne inasema anayedai amesoma na hajasoma, atasomewa." Akampa mumewe kitabu kinene kuliko Biblia ya kanisani. "Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kaa dawati la mbele."

Bwana Vigezo anafungua ukurasa wa kwanza. Analowesha kidole. Saa inasema saa nne kasoro dakika saba. Namwona Shangazi Nkwimba, sijui namwonaje kutoka darasani, lakini namwona: anafunga mlango wa zizi, anachukua simu yake kwenye fundo la khanga.

"Mama, sikusoma!" nikapiga kelele. "Sijawahi kusoma. Tangu nimiliki simu nimekubali mambo mia nne na sijui hata moja linasemaje."

Bwana Vigezo akafunga kitabu. Kwa mara ya kwanza akaongea taratibu. "Wewe ni wa kwanza kusema," akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo.

Simu ikatetemeka mkononi. Nimeunganishwa! Sikujua kama mtu anaweza kufurahi kiasi hicho ndani ya darasa la tano. Nikafungua kundi la ukoo, nikaugusa ujumbe wangu, maandishi yakatokea: Futa kwa wote?

"Kabla hujabonyeza," akasema Bi Masharti. "Ukifuta, pale ulipokuwa pataandikwa: Ujumbe huu umefutwa. Saa nne atapakuta. Atakuuliza ulikuwa unasema nini. Utamjibu nini?"

Nikafikiri kidogo. "Nitasema ilikuwa picha ya mbuzi."

"Na mbuzi huyo akimuulizia?"

"Nitasema amekufa."

"Akitaka kuja msibani?"

Nikaona mbuzi yule nitamzika, nitamwekea matanga, na bado Shangazi atapanda basi kuja kuhani. Dakika tatu zimebaki. Kwenye simu ikatokea waifai nyingine, iko wazi, haina kufuli wala masharti, na jina lake ni KICHUGUU. Nikaigusa.

Mara niko juu ya kichuguu, nyuma ya zizi, Meatu. Jua linawaka. Vijiti wote wanne wamepanga mstari pembeni yangu, hata yule mkubwa, mrefu kweli, ana jembe begani.

"Kumbe ninyi mko huku?" nikamuuliza.

"Asubuhi tunafanyaga kazi huku," akasema. "Mjini mko wengi, mtasubiri."

Shangazi Nkwimba anakuja. Anapanda kwa shida, goti lile la kushoto halimkubalii. Sikuwahi kujua kuwa kupanda kunamuuma. Nampa mkono, namvuta.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Eh, Mhoja! Na wewe umekuja kutafuta mtandao?"

"Ndiyo."

"Ngoja basi, baba, nisikilize kwanza za ukoo." Anapeleka simu sikioni.

Kidole changu kiko juu ya "futa kwa wote". Nikikishusha tu, yameisha. Vijiti wote wanne wananitazama, na yule mdogo ameziba macho.

"Shangazi, usiusikilize," nikasema. "Nitakwambia mwenyewe."

Nikamwambia yote, jiko, kitanda, miezi miwili, Geita. Kwa mdomo yalikuwa marefu kuliko sekunde kumi na tisa. Niliona aibu mpaka nikatamani kichuguu kinimeze, nacho kikafunguka, kikaniuliza kama nina nywila.

Shangazi hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kwa nini hutaki nije?" akauliza.

"Kwa sababu ukiwepo mimi si mwenyekiti tena. Nakuwa mtoto, mbele ya watoto wangu."

Akatazama upande wa barabara, akishika goti lake.

"Huko Geita," akasema, "samaki wanapatikana?"

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikachukua simu kabla ya kuvaa. Bando lipo hai na lina afya njema. Kundi la ukoo halina sauti yangu popote, kitu cha mwisho ni picha ya ng'ombe wa binamu. Kwa Perpetua napo hakuna kitu. Yale maneno sikuwahi kumwambia mtu, niliyawaza tu jana nikitafuna chakula cha jioni, baada ya Shangazi kusema anataka kuja. Nikacheka peke yangu, nikanywa chai vikombe viwili, nikamsimulia Perpetua habari za kikombe na za Bwana Vigezo. Za Geita nikaziruka.

Saa nne na dakika mbili simu ikaita. Shangazi Nkwimba. Nyuma yake nasikia injini ikiunguruma na watu wakigombea siti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Niko stendi hapa Mwanhuzi, nimeshapanda. Basi lenyewe linapita Mwanza, linaendelea mpaka Geita. Kondakta ananiuliza nashukia wapi. Nimwambieje?"

Perpetua aliacha kuosha kikombe, akanitazama, maana nilikuwa nimesimama ghafla.

"Mwanza, Shangazi," nikasema. "Shukia Mwanza. Nakuja stendi mwenyewe kukupokea."

"Haya, baba," akasema. "Maana huko Geita mimi simjui mtu."