Sekunde Thelathini na Saba za Moto

Kikao kilikuwa saa nane mchana, na kufikia saa nne u nusu Mongina alikuwa bado hajapata kosa lolote katika ile video.

Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mamake, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Chepseon, kompyuta mapajani. Video yenyewe ilikuwa ya sekunde thelathini na saba. Kumepambazuka kidogo tu. Mwanamume aliyevaa aproni ya plastiki anamwagia kitu mashine ya kuchuna chai, anainama, moto unaruka. Anaporudi nyuma anageuka, na uso wake unaonekana wazi. Ni Zack, kakake.

"Umeona walipounganisha?" mamake, Nyabate, aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, mama."

"Tazama tena. Si ni wewe uliniambia siku hizi wanaweza kumbandika mtu kichwa cha mwingine?"

Ni kweli, alikuwa amemwambia. Miaka kumi Nairobi, kazi ya Mongina ilikuwa kutengeneza kwenye kompyuta yale ambayo kamera haikuyaona: mvua, moshi, mafuriko, na zaidi ya yote, moto. Filamu yake ya kwanza ilikuwa na nyumba inayoungua. Aliichora mwezi mzima, akampelekea mkubwa wake, Mureithi, naye Mureithi akaitazama mara moja tu. "Moto wako ni mzuri," akasema, "lakini haumuliki mtu. Moto usiomulika ni rangi tu." Mongina alikwenda nyumbani akawasha mishumaa mbele ya kioo, akajitazama jinsi mwanga unavyopanda kidevuni na kutetemeka chini ya pua. Tangu hapo, filamu ikija na moto, aliitwa yeye.

Kwa hiyo Nyabate aliposikia kwamba mwanawe wa kiume ataitwa mbele ya ofisi kwa sababu ya video, hakumpigia wakili. Alimpigia binti yake. Chama cha wafanyakazi kikakubali awe shahidi, na Madam Abigael, afisa wa wafanyakazi, akamruhusu ainakili video moja kwa moja kutoka kwenye simu ya aliyeirekodi, mlinzi wa shamba aitwaye Bogonko.

Mongina aliipitia picha moja baada ya nyingine, zaidi ya elfu moja. Alianza akitafuta kosa kwa macho ya fundi. Kufikia saa tano alikuwa akilitafuta kama mtu anayeomba. Mwanga ulipanda kidevuni mwa Zack pale pale ulipopaswa kupanda. Ulimeremeta kwenye aproni yenye umande. Nyuma yake, kwenye majani ya chai, kivuli cha mpini wa mashine kilicheza kufuata kila ulimi wa moto. Yeye mwenyewe, hata angepewa miezi mitatu na watu sita wa kumsaidia, asingeweza kutengeneza vile.

Alifunga kompyuta akatoka nje. Zack alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Ni wewe, Zack."

Shoka lilibaki kwenye gogo. Zack alitazama upande wa barabara, kisha akamgeukia.

"Tulikuwa watu arobaini kwa gengi yetu," akasema. "Wakaleta hiyo mashine. Tumebaki sita, na sisi sita tunaambiwa tushukuru. Wewe, sista, wakikuletea mashine ya kuchora huo moto wako, utafanya nini?"

"Washaileta. Tangu mwezi wa pili. Tulikuwa kumi na mmoja, tumebaki wanne."

"Na ulifanya nini?"

"Nilijifunza kuitumia."

Zack alicheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko kile. "Basi leo ikusaidie. Sema hiyo video imetengenezwa. Pale ofisini hakuna anayejua hiyo kazi. Nani atakupinga?"

"Na Bogonko?"

"Bogonko ni mchongezi."

"Nikisema imetengenezwa, ni yeye aliyeitengeneza. Watamfukuza leo leo, kesho polisi. Mzee wa miaka hamsini na nane!"

Zack alishika mpini wa shoka.

"Nenda mwenyewe kabla ya saa nane," Mongina akasema. "Ukisema kwa mdomo wako watakusikiliza tofauti."

"Nenda wewe Nairobi," Zack akasema, akaling'oa shoka.

Saa nane ukumbi wa shamba ulijaa mpaka madirishani. Madam Abigael aliketi mezani na faili yake. Kando yake alikuwa Arasa, mwakilishi wa chama, aliyekuwa tayari amewaahidi watu nje kwamba siku hiyo uongo wa kampuni utaanikwa juani. Nyabate alikaa benchi la mbele, Zack kando yake. Bogonko alisimama karibu na mlango, kofia yake ya ulinzi mikononi, akiizungusha na kuizungusha.

"Mzee, video hii uliitengeneza?" Arasa alimuuliza kwa sauti ya kumshtaki.

"Mimi?" Bogonko alishangaa. "Mimi hata kupiga picha sijui. Angalia hapo, kidole changu kimeziba pembeni yote."

Watu walicheka kidogo. Mongina aliitwa mbele. Video ilimulikwa ukutani, akaisimamisha pale Zack anapogeuka. Aliukuza uso, na ukingo wa sikio ukaonekana umefifia, rangi zimeingiliana.

"Hapo!" Arasa aliruka. "Pana ukungu! Ni hapo walipounganisha kichwa, sivyo?"

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Neno moja tu lilitakiwa. Mongina alijua angeweza kulisema na kulieleza kwa maneno magumu, na kila mtu pale angetikisa kichwa kukubali. Alimtazama mamake, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu. Alimtazama Bogonko. Kofia ilikuwa imeacha kuzunguka.

"Shahidi," Madam Abigael akasema taratibu, "tunakusubiri."

"Hapana," Mongina akasema. Kisha akarudia kwa sauti ya kusikika nyuma. "Hapana. Huo ukungu ni wa simu. Simu za kawaida zote hufanya hivyo kukiwa na giza. Hii video haijaguswa."

Kisha mtu dirishani akapaza sauti, "Amenunuliwa!" na kelele zikalipuka, viti vikasukumwa, Arasa akigonga meza bila kusikika. Mtu mmoja alimshika Bogonko ukosi. Hapo ndipo Zack aliposimama juu ya benchi.

"Mwachilieni mzee!" akapiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi niliyeichoma, na hakuna aliyenituma!"

Polisi walimchukua kabla ya saa kumi. Alipitia mlangoni bila kumtazama dadake, lakini alimgusa Bogonko begani, na Bogonko akalia kama mtoto.

Kesi haikuchukua muda mrefu, kwa kuwa alikiri. Hakimu alisema kwamba kukiri kwake kumemsaidia, akampa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kazi ilikwenda, na nyumba ikaenda nayo, kwani ilikuwa kwa jina lake. Nyabate alirudi kwao Nyamira, ambako hakuwa ameishi tangu aolewe. Simu za Mongina hakuzipokea. Zack alizipokea, akajibu kwa kifupi: tuko salama, tumepanda mahindi.

Mwezi wa nane Mongina alisafiri bila kutoa taarifa. Alimkuta mamake kibarazani akipukuchua maharagwe. Aliketi chini akasaidia, maharagwe yakianguka kwenye ungo.

"Hasira yangu haikuwa kwamba hukudanganya," Nyabate akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Ningekuomba udanganye, na najua ningekuwa nimekosa. Lakini ulijua saa tano. Ulimwambia Zack. Mimi nilikuwa hapo jikoni, hatua kumi, nikipiga pasi nguo ya kanisani ili nikae mbele na kukusikia ukimwokoa. Ukaniacha niende."

Mongina aliacha kupukuchua.

"Ungeniambia," mamake akasema. "Ningekaa nyuma."

Alimsogezea ungo, wakaendelea kupukuchua.